Orlando na mtoto mwenye sikoseli: Agosti au Januari?

Swali la msomaji:

"Daktari, tunaishi Bweyogerere, mimi, mume wangu na watoto watatu: wa miaka 13, 9 na 4. Dada yangu yuko Kissimmee, Florida, na kwa muda mrefu amekuwa akituita twende watoto wakacheze kwenye vile viwanja vya burudani vya Orlando. Mwaka huu pesa imepatikana. Tunafikiria kwenda shule zikifungwa mwishoni mwa Agosti, siku kumi, pamoja na mama mkwe wangu wa miaka 68 anayetumia dawa za presha. Wasiwasi wangu ni huyu wa katikati, ana sikoseli. Anatumia hydroxyurea na kwa karibu mwaka mzima hajalazwa. Dada anasema joto la kule si la kuchezea. Mume wangu anasema sisi ni watu wa ikweta, jua hatuliogopi, tena kule hakuna malaria, kwa hiyo mtoto atakuwa salama kuliko hapa nyumbani. Dada ameshapanga viwanja vinne siku nne mfululizo ili tiketi zisipotee bure. Nieleze ukweli: twende, tusiende, au tubadilishe nini?"

Jibu:

Mama, nendeni. Ila msiende Agosti, na msikubali viwanja vinne kwa siku nne. Hilo ndilo jibu langu kwa ufupi. Sababu zake nitazieleza kwa urefu, kwa kuwa mkishafika kule yatatokea mambo mengi madogo ambayo hakuna daktari wa Kampala anayeweza kukupangia. Mzazi anayeelewa mwili wa mtoto wake unavyofanya kazi huamua vizuri kuliko aliyepewa orodha ya makatazo.

Nianze na hoja ya baba watoto. Kuhusu jua amesema kweli. Jua la Kampala ni kali mwaka mzima, na mji wetu uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo miale inatufikia bila kupunguzwa sana. Jua la Orlando halitawashangaza. Kinachowaangusha watu Florida ni hewa iliyojaa maji. Kwetu mchana joto hufika nyuzi 28 hivi, na usiku hushuka hadi 17 au 18, mwili ukapumzika na kuamka mpya. Orlando iko mita 30 tu hivi juu ya bahari, kwenye rasi iliyo kati ya Atlantiki na Ghuba ya Meksiko. Agosti mchana ni nyuzi 33 hivi, na usiku mara nyingi joto haliendi chini ya 23 au 24. Mtu atasema, mbona Gulu tunafika 33 kila Februari? Ni kweli, lakini joto la Gulu mwezi wa Februari ni kavu, na hapo ndipo penye tofauti yote.

Jasho halipozi mwili kwa kutoka, linapoza kwa kukauka. Likikauka, linaondoka na joto. Hewa ikiwa imeshiba maji, jasho halikauki, linachuruzika hadi kwenye soksi; mwili unapoteza maji na chumvi bila kupata ubaridi wowote. Ndiyo maana nyuzi 33 za Orlando mwili huzihisi kama 40. Kama mmewahi kushuka kutoka Fort Portal kwenda Bundibugyo baada ya mvua, mkafika kwenye chemchemi za Sempaya, mnakumbuka hali ilivyo pale milima ikishaachwa nyuma: hewa inakuwa nzito, shati linaganda mgongoni, na hata kivulini hupati nafuu. Iweke hali hiyo saa nane mchana, juu ya lami, kwenye foleni ya saa nzima, na mtoto wa miaka minne amelala begani.

Mwili unaweza kuzoea joto la namna hiyo. Unajifunza kutoa jasho mapema zaidi na kupoteza chumvi kidogo. Lakini mazoea hayo yanahitaji kati ya wiki moja na mbili, nanyi mna siku kumi. Mtakuwa mmezoea siku ya kupanda ndege ya kurudi. Watoto tena wako katika hatari zaidi kuliko sisi wakubwa: wakikimbia, miili yao hutengeneza joto jingi kwa kila kilo, na wakikolea mchezo hawakumbuki kuomba maji.

Sasa tuje kwa huyu wa miaka tisa. Chembe nyekundu za damu yake zina hemoglobini ambayo ikikosa oksijeni hushikana na kuwa nyuzi ngumu ndani ya chembe. Chembe inapoteza ulaini, inajikunja kama mundu na kukwama kwenye mishipa midogo. Nyama na mifupa iliyo mbele haipati damu, na hapo maumivu yanaanza. Maji yakipungua mwilini, hemoglobini hiyo inasongamana zaidi ndani ya kila chembe, na kushikana kunakuwa kwepesi. Hydroxyurea inasaidia kwa kuufanya mwili utengeneze zaidi hemoglobini ile ya mtoto akiwa tumboni, ambayo haishikani. Ni dawa nzuri sana, na kutolazwa karibu mwaka mzima ni dalili kwamba inafanya kazi na kwamba wewe hukosi kumpa. Lakini haiwezi kurudisha maji aliyoyapoteza kwenye foleni.

Kuna jambo moja ambalo wazazi wengi hawaambiwi. Tumezoea kusema angalia mkojo: ukiwa wa njano iliyokolea, mtoto hajanywa maji ya kutosha. Kwa mtoto mwenye sikoseli kipimo hicho hudanganya. Figo zake huharibika mapema na kupoteza uwezo wa kubana maji, ndiyo maana wengi wao hukojoa mara kwa mara na kulowesha kitanda hata wakiwa wakubwa. Anaweza kuwa amekaukiwa kabisa na mkojo wake bado ni mweupe. Kwa hiyo yeye usimpime kwa rangi ya mkojo, wala kwa kiu. Mpe maji kwa saa: chupa yake mwenyewe, yenye alama, na kila nusu saa anakunywa, awe anataka au hataki. Mtoto wa kilo 25 hadi 28 siku ya joto anahitaji kama lita mbili hadi mbili na nusu, ila kiasi chake hasa akuandikie daktari wake kulingana na uzito. Maji ya kawaida yanatosha, na ORS, ile poda ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, siku ya jasho jingi au ya kuhara. Soda isihesabiwe. Kwenye viwanja vya Disney unaweza kuomba kikombe cha maji ya barafu bure kwenye vibanda vingi vya chakula, na mnaruhusiwa kuingia na chakula na maji yenu, mradi chupa isiwe ya kioo. Barafu yenyewe asiitafune sana. Maji baridi kiasi yanatosha.

Kwa nini basi si Agosti? Kwanza ni hilo joto. Pili ni kalenda yenyewe. Likizo ya muhula wa pili kwetu huangukia mwisho wa Agosti hadi katikati ya Septemba. Msimu wa vimbunga Florida huanza tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na kilele chake ni karibu na tarehe 10 Septemba. Mngekuwa mnaingia katikati yake. Disney ilifunga viwanja vyake kwa Kimbunga Ian mwaka 2022 na kwa Kimbunga Milton mwaka 2024. Siku moja au mbili za kufungwa si msiba kwa familia nyingine. Kwa mwenye mtoto wa sikoseli, umeme uliokatika, ndege zilizofutwa na barabara iliyofurika kuelekea hospitali ni jambo jingine. Tatu ni radi. Wakati wa kiangazi chao, upepo wa bahari kutoka pande mbili za rasi hukutana juu ya katikati ya Florida karibu kila alasiri, mawingu yanapanda, na mvua ya radi inashuka. Michezo ya nje yote husimamishwa hadi radi ipite, na maelfu ya watu hurundikana chini ya paa chache.

Ukiangalia likizo yetu ndefu, ile ya kuanzia mwanzoni mwa Desemba hadi mwanzoni mwa Februari, utaona kwamba sisi Waganda tuna bahati ambayo Wamarekani hawana. Watoto wao hurudi shule mara tu baada ya Mwaka Mpya. Sisi bado tuna karibu mwezi mzima. Kuanzia wiki ya pili ya Januari, Orlando mchana ni nyuzi 22 hivi, hewa ni kavu zaidi, mvua ni chache, hakuna vimbunga. Foleni hupungua, na bei za tiketi nazo hupungua, kwa sababu hupangwa kulingana na tarehe. Ikwepeni tu ile wikendi ya Jumatatu ya tatu ya Januari, sikukuu ya Martin Luther King, na msiguse kabisa wiki ya Krismasi, maana hakuna wakati wenye watu wengi kama huo. (Kwa wasomaji wengine: kama nyumbani kuna mtahiniwa wa darasa la saba (P.7), kumbukeni matokeo na kuchagua shule za sekondari (S.1) huangukia Januari hiyohiyo.)

Sitaki ufikiri Januari haina gharama kwa mtoto wako. Baridi nayo ni adui wa sikoseli. Inabana mishipa ya damu, na damu ikipita polepole chembe zinapata muda wa kujikunja. Asubuhi ya Januari Orlando inaweza kuwa nyuzi 10, kama Kabale, na usiku mmoja mmoja hukaribia sifuri. Hata hivyo nikiweka mizani, naichagua baridi hiyo bila kusita. Dhidi ya baridi unaweza kumvalisha mtoto: fulana ya ndani, sweta, jaketi, soksi nzito, kofia ya sufu, vyote vinapatikana soko la Owino kwa bei nafuu kabla hujaondoka. Joto lenye unyevu huwezi kumvua. Tena usidhani Agosti haina baridi. Ndani ya kumbi na mikahawa ya kule viyoyozi huwashwa hadi watu wanatetemeka, na mtoto anayeingia akiwa amelowa jasho anapigwa na baridi hiyo mwilini moja kwa moja. Nimewaona watoto wa sikoseli wakianza maumivu kwa njia hiyohiyo hapa Kampala, kwenye ukumbi wa harusi.

Kwa sababu hiyo, viwanja vya maji ningeviacha mwezi wowote ule. Maji ya Januari hupashwa moto, lakini shida ni pale mtoto anapotoka amelowa na upepo ukampiga. Nashauri familia nzima iviache, kuliko huyu mmoja kuketi na taulo akiwatazama wenzake. Orlando kuna mambo mengi sana ya kufanya.

Sasa ile ratiba ya dada. Nia yake ni njema, anaogopa pesa isipotee, na ana haki ya kuogopa: tiketi ya siku moja ya Disney inazidi dola 100 kwa mtu, mtoto wa miaka 3 hadi 9 anapunguziwa kidogo tu, na kuanzia miaka 10 analipa ya mkubwa. Lakini tiketi ya siku nyingi haihitaji siku zifuatane. Ile ya siku nne kwa kawaida hutumika ndani ya siku saba, na ya siku tatu ndani ya siku tano. Mwambieni hivyo, na muda wa kupumzika utapatikana bila senti kupotea.

Mimi ningewapangia hivi. Siku mbili za kwanza hakuna kiwanja chochote. Ni kulala, kunywa maji, kukaa na dada na kutembea jirani. Baada ya hapo tiketi ya siku tatu, na kati ya kila siku ya kiwanja iwepo siku ya kukaa nyumbani. Magic Kingdom, kiwanja cha kwanza cha Disney kufunguliwa Orlando, mwaka 1971, ndicho cha huyu mdogo, maana michezo mingi pale haina masharti ya kimo. Kimo ni jambo la kuangalia kabla ya kuahidi. Mtoto wa miaka minne ana kama sentimita 100. Treni nyingi za kasi zinataka 102 au 112, na baadhi ya zile za viwanja vya Universal, mshindani wa Disney, zinataka hata 130 na zaidi. Mpimeni ukutani sasa, ili asifike getini akarudishwa mbele ya kaka na dada zake. Mzazi mmoja anaweza kubaki naye wakati wengine wanapanda, kisha mkabadilishana bila kupanga foleni upya. Muulizeni mhudumu mlangoni. Epcot, kiwanja kingine cha Disney, inampendeza jajja, yaani bibi yao, lakini kuzunguka lile ziwa lake ni karibu kilomita mbili. Epic Universe ya Universal, iliyofunguliwa Mei 2025, ni mpya na inasifiwa, ila miti yake bado michanga na kivuli ni kichache. Na ile safari ya twiga na vifaru ya Animal Kingdom, kwa familia inayoweza kwenda mbuga ya Murchison, sioni sababu ya kuilipia tiketi ya siku nzima. Pesa hiyo ningeipeleka Kennedy Space Center, mwendo wa zaidi kidogo ya saa moja kwa gari kuelekea pwani. Mengi yako ndani ya majengo, hakuna msukumano wa kupanda treni, na mtoto wa miaka 13 anasimama chini ya chombo cha angani Atlantis chenyewe, kile kilichokwenda na kurudi, kikiwa kimeinuliwa na kuinamishwa upande mmoja kana kwamba bado kinaruka. Huyo wa sikoseli naye anafurahia sawa na wengine siku hiyo, hakosi chochote.

Saa nazo zitawasaidia mkizitumia vizuri. Januari Florida iko nyuma yetu kwa saa nane. Siku za kwanza watoto wataamka saa tisa au kumi usiku, macho yote, na ifikapo saa kumi na mbili jioni watakuwa wanasinzia mezani. Msipigane na hilo. Wapeni chai, vaeni pole pole, na muwe getini kabla halijafunguliwa, mara nyingi saa tatu asubuhi. Saa mbili za kwanza foleni ni fupi kuliko wakati wowote wa siku. Ifikapo saa saba mchana, ondokeni. Kissimmee iko jirani kabisa na viwanja hivyo, nyumba ya dada ni baraka ambayo wageni wengine hulipia hoteli ghali kuipata. Watoto walale. Mkizoea saa za kule, siku za mwisho mnaweza kurudi jioni kuona fataki.

Kama Agosti haikwepeki, labda kwa sababu ya kazi ya baba au likizo ya dada, mpango huohuo unakuwa sharti. Kiangazi kule wanasogeza saa mbele, kwa hiyo jua linakuwa juu kabisa saa saba na nusu mchana na kuzama karibu saa mbili usiku. Saa mbaya ni kuanzia saa sita hadi saa kumi na moja, na ndani ya saa hizo mtoto wako awe nyumbani penye ubaridi wa kiasi. Siku mbili za kiwanja, si tatu. Tena tiketi ya ndege iwe ile inayoweza kubadilishwa, kwa ajili ya vimbunga.

Jajja naye asisahaulike. Dawa nyingi za presha, hasa zile zinazomkojoza mtu, hupunguza maji na chumvi mwilini. Ukiongeza joto na kusimama muda mrefu, presha inashuka na mzee anaanguka. Asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Aende kwa daktari wake wiki chache kabla, aulize kama dozi au saa ya kumeza ibadilishwe safarini. Na akodiwe kiti cha magurudumu hata kama anatembea vizuri nyumbani. Wazee wetu hukiona kiti kama aibu; mwambieni kitabeba na mizigo ya wajukuu.

Kabla ya kufika huko kuna ndege. Hakuna ya moja kwa moja kutoka Entebbe. Mtabadilisha njiani na safari nzima itazidi saa 20. Ndani ya ndege hewa huwa na oksijeni kama ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, tena ni kavu mno. Watoto wengi wenye sikoseli walio na afya njema huruka bila tatizo, wakinywa maji, wakivaa soksi na kutembea kila baada ya saa mbili. Akiwa na damu iliyoshuka sana, au shida ya mapafu, daktari anaweza kuagiza oksijeni, na hiyo huombwa kwa shirika la ndege mapema. Dawa zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi, katika vifungashio vyake. Msisahau kadi za njano za chanjo ya homa ya manjano, na msilipe tiketi isiyorudishwa kabla viza hazijatoka.

Jambo ninalotaka ulishike kuliko yote ni la malaria, kwa sababu ndilo ambalo baba watoto, kwa nia njema, amelikosea. Kule hakuna malaria kama yetu, sawa. Lakini vijidudu vya malaria vinaweza kusafiri ndani ya mtoto aliyeumwa na mbu Bweyogerere usiku wa mwisho kabla ya safari. Homa itakuja siku saba, kumi, hata zaidi baadaye, akiwa Florida. Mtasema ni jua, ni uchovu, ni mafua ya kiyoyozi. Daktari wa kule naye, ambaye huenda hajawahi kutibu malaria maishani mwake, hatawaza hivyo msipomwambia. Kwa hiyo mambo mawili. Dawa yake ya kuzuia malaria isikatizwe kwa sababu tu mnaenda nchi isiyo na malaria, wala mkirudi isichelewe. Daktari wake akupe maelekezo kamili. Na mtoto yeyote kati ya hao watatu, au jajja, akipata homa kule au ndani ya wiki chache za safari, maneno ya kwanza hospitalini yawe: tumetoka Uganda, tunaomba kipimo cha malaria leo.

Kwa huyu wa sikoseli, homa ya nyuzi 38.5 ni ya kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo, si ya kusubiri asubuhi, kwa kuwa bandama lake halimkingi vizuri dhidi ya vijidudu vya damu. Vipimajoto vya kule husoma Farenhaiti, na 38.5 ni 101.3, beba chako cha nyumbani usije ukababaika usiku. Vilevile mkimbize akipata maumivu ya kifua au kupumua kwa shida, maumivu yasiyotulia kwa dawa alizozoea, tumbo kuvimba ghafla upande wa kushoto, kupauka sana, au mkono, mguu au mdomo kulegea upande mmoja. Mtu yeyote aliyezidiwa na joto hadi kuchanganyikiwa, kuanguka au kupata degedege, piga 911, namba ya dharura ya kule, mpeleke kivulini na mmwagie maji huku mnampepea. Usimnyweshe chochote akiwa hajitambui. Kila kiwanja kikubwa kina chumba cha huduma ya kwanza, na mjini Orlando kuna hospitali za watoto, Arnold Palmer na Nemours. Dada atafute mapema ni ipi iliyo karibu naye na barabara ya kufika.

Hiyo inanileta kwenye bima. Kulazwa Marekani siku chache kunaweza kula gharama ya safari nzima na zaidi. Nunueni bima ya safari inayotaja wazi kwamba inalipia ugonjwa alio nao mtu kabla ya safari, na muandike sikoseli na presha kwenye fomu bila kuficha. Bima nyingi za bei nafuu hukataa kulipa hapo. Ikiwa hampati bima ya namna hiyo, ningeahirisha safari, nasema hivyo nikijua jinsi watoto walivyoisubiri.

Hao wawili wengine je? Utafiti wa nchi nzima uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba karibu watoto 13 kwa kila 100 wa Uganda wanabeba nusu ya sikoseli, yaani wameirithi kwa mzazi mmoja tu, na katika nyumba yenye mtoto mgonjwa uwezekano ni mkubwa zaidi. Mbebaji kwa kawaida ni mzima kabisa, ila akijichosha kupita kiasi kwenye joto bila maji anaweza kuumia misuli na figo. Kama hawajapimwa, wapimeni, hasa huyu wa miaka 13.

Mimi sijamwona mtoto wako, na uamuzi wa mwisho ni wa kliniki inayomjua, iwe ya hospitali ya Mulago au kwingine. Nendeni angalau wiki sita kabla. Muulizeni daktari apime damu, apapase bandama, kwa maana likiwa limevimba ule mkono wa chuma unaobana tumbo kwenye treni za kasi haumfai, aangalie chanjo, aseme maji kiasi gani na dawa gani za maumivu mbebe. Ikiwa wiki za karibuni alilazwa au aliongezewa damu, muulizeni waziwazi kama msubiri. Ombeni barua ya Kiingereza yenye aina ya sikoseli yake, kundi la damu, kiwango chake cha kawaida cha hemoglobini, dawa na dozi, mizio, na namba ya simu ya kliniki, iwe na sahihi na muhuri. Nakala moja ikae kwenye simu yako, nyingine kwa dada. Akiruhusiwa, dada aanze kuangalia tarehe za wiki ya pili ya Januari.